Mstari wa Njiani wa Mama

Kabambare, Jumamosi, tarehe 9 Juni 1956

Mpendwa Mjomba Célestin,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwa dada yako. U hali gani, na Mama Cécilia, na watoto? Kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa pili kimekuachilia? Sisi huku tunapumua, Mungu ashukuriwe. Kiangazi kimeingia. Asubuhi kuna baridi, ukungu unalala juu ya kijito hadi saa mbili, na vumbi la barabara limeshapanda juu ya mapaa.

Mjomba, nakuomba usishtuke. Lori litakapofika Albertville utaona kwamba nafasi uliyomwekea dada yako karibu na dereva imekaliwa na kapu. Mama hajafa, wala si mgonjwa. Amebaki. Nami niliyekuahidi kumpandisha kwa mikono yangu ndiye ninayekuandikia sasa, nikiwa nimekaa juu ya jiwe, maana dereva anaziba gurudumu na ameniambia nina muda hadi saa nane.

Unajua kwamba nilikuwa upande wako. Ulipoandika kwamba Mama Safi haoni tena na kwamba atateguka mguu au ataumwa na nyoka katika ile bustani yake, mimi ndiye niliyejibu kwamba una haki. Daftari langu la kila siku lilikuwa limejaa ushahidi. Tarehe 3 Aprili ametia chumvi katika maji ya kuoga. Tarehe 19 Aprili ameanguka mferejini na kuchubuka goti. Tarehe 6 Mei amemsalimu mbuzi wa jirani, akamuuliza habari za watoto. Siku hiyo alicheka yeye mwenyewe mpaka akakaa chini, lakini mimi niliandika bila kucheka. Muganga wa dispensari alimtazama macho yote mawili akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba sasa anatofautisha mwanga na kivuli tu.

Sasa nikueleze jambo lililonigeuza, na nilieleze kwa utaratibu, maana mpaka leo nalistaajabia.

Bustani unaikumbuka: inaanzia nyuma ya jiko na kuteremka mpaka kijitoni. Juu kuna muhogo wa sombe, yale majani ya kutwanga, katikati matembele na maboga, chini nyanya chungu na vitunguu. Lakini kando ya njia ya kwenda majini kuna mstari mmoja mrefu wa lengalenga, yaani mchicha, ambao Mama huuita mstari wa njiani. Wewe uliondoka hapa ukiwa kijana, labda umesahau sheria yake. Mtu yeyote aliyekosa mboga huchuma pale bila kuomba. Hang'oi, huchuma ncha tu ili mche utoe matawi mengine. Na mwenye bustani akimsikia mtu amefika, humpa mgongo. Hamsalimu wala hamtazami, ili asione haya kwa kukosa. Hivyo ndivyo bibi alivyofanya, na Mama naye.

Jumatatu tarehe 28 Mei Mama alilala na homa. Nikasema leo nitavuna mimi kabla ya kwenda kufundisha, nigawe kwa majirani kama anavyogawa yeye. Monita, yaani mkufunzi wa kilimo, alitufundisha shuleni namna bora: mchicha uliokomaa ung'olewe na mizizi yake, ufungwe mafungu yanayolingana. Nilitazama ule mstari wa njiani, nikauona umechakaa, mashina yamekatwakatwa kila mahali. Nikang'oa nusu yake. Nikaongeza sombe kidogo, majani ya maboga kidogo, nikafunga mafungu manane sawasawa kabisa na kuyapeleka kwenye nyumba nane. Nilijiona mtu wa haki.

Mwamvita, mke wa fundi cherehani Yakubu, alilipokea fungu lake mlangoni, akaligeuza juu chini.

“Mwalimu, hii mizizi iko ya kupika ao ya kupanda?”

Nikamwambia ndiyo namna ya kisasa.

“Ya kisasa iko na udongo mingi,” akasema. “Na mama yako? Anajua kama umenyoa bustani yake?”

Kwa Mzee Faradji nilikuta aibu nyingine. Alishika ile sombe akatabasamu, na katika tabasamu hilo hamkuwa na jino hata moja. “Asante, mutoto wa Safi. Lakini nani atanitwangia?” Ndipo nikajua kwamba Mama, miaka yote, humpelekea yeye majani machanga ya maboga tu, na kwamba yale mafungu yangu yaliyolingana hayakumfaa mtu yeyote sawasawa.

Jumatano Mama akaamka. Hakunywa hata chai. Nilimfuata nyuma kimya, daftari mfukoni, nikitaka kuandika idadi ya mara atakazojikwaa, ili nikutumie. Hakujikwaa. Alishuka kwa nyayo zake kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Alipofika kwenye mstari wa njiani akachutama, akanyoosha mkono, na mkono ukakosa kitu cha kushika. Akasogea. Ukakosa tena.

“Placide,” akaita, ingawa sikuwa nimesema neno. “Nani ameng'oa meno ya bustani yangu?”

Nikakiri. Nilingoja anikaripie. Mjomba, hakunikaripia. Aliuliza tu, “Umebakisha ngapi?” Nikamwambia nusu, upande wa chini. Akasogea mpaka huko, akaanza kupitisha vidole kwenye kila shina, taratibu, kama shehe anayehesabu tasbihi. Na huku akisema, si kwangu, kwa ule mche.

“Huyu ni Mwamvita. Anakata na ukucha, sawa na mukasi ya bwana wake. Jana alikuwa hapa, maji ya shina haijakauka. Huyu ni Mzee Faradji, anazungusha mpaka inakatika. Pole, Mzee, kumbe mutoto wangu amekupa sombe.” (Hilo nilikuwa nimemweleza.) “Huyu simujui, ni mugeni. Anachuma kwa haraka, kama mutu anaogopa. Aache kuogopa.”

Nilitaka kumuuliza amejuaje, halafu nikafahamu mwenyewe. Miaka yote hiyo, hata macho yake yalipokuwa mazima, Mama hakuwatazama. Aliwapa mgongo kama inavyotakiwa. Hakuna siku aliyowajua kwa macho. Aliwajua kwa mashina, baada ya wao kuondoka. Macho yalipokufa, upande huu hakikupotea kitu.

Halafu vidole vyake vikasimama. Alishika shina moja, akarudi la nyuma yake, akarudi tena lile la kwanza.

“Lete mukono.” Akaushika mkono wangu, akanigusisha. “Unasikia?”

Nilisikia shina lililovunjika vibaya, ganda lake likiwa limechunika kuelekea juu, kama uzi.

“Hii ni Émérance,” akasema. “Yeye huwa anachuma tatu, anaacha moja. Hii pia ni tatu, na moja imebaki. Imekauka, tangu Jumapili hajarudi. Lakini amevuta akiwa amesimama. Hakuinama. Mutu asiyeinama kwenye bustani yangu iko na kiburi ao ni mugonjwa, na ule mutoto hana kiburi. Kimbia, uende kwake.”

Wewe hujapata kumjua Émérance. Ni mke wa Octave, kijana wa upande wa Wamaza aliyechukuliwa kazi ya barabara tangu Pasaka. Anakaa nyumba ya mwisho karibu na kijito, peke yake na mtoto wa miezi mitatu. Nilimwambia Mama kwamba nimepita kwake Jumatatu na kuliacha fungu mlangoni, kwamba kulikuwa kimya, wamelala bila shaka.

“Fungu iko bado mulangoni?” akauliza.

Nilikimbia. Fungu lilikuwa bado mlangoni. Majani yalikuwa yameshakuwa meusi. Ndani nilimkuta Émérance amelala kwenye mkeka, mwili unawaka kama jiwe la jikoni, titi moja limevimba na kuwa jekundu, na mtoto hana tena nguvu za kulia, anafungua mdomo tu. Nilimchukua mtoto. Yakubu na jirani mwingine wakambeba mama yake kwenye machela, na Mwamvita aliyekuwa na maziwa akamnyonyesha mtoto kwenye njia, akitembea, bila kuuliza ni wa dini gani. Pale dispensari muganga alitumbua jipu na kumchoma sindano kwa siku tano. Akaniambia, “Mungengoja mpaka Ijumaa, mungeniletea mutoto peke yake.”

Émérance alirudi nyumbani kwake jana kwa miguu. Mtoto ananyonya.

Nisamehe, Mjomba, mimi ni mtu wa kuhakikisha. Baada ya siku ile nilifanya jaribio. Kwa siku saba, kila asubuhi, Mama alinitajia waliochuma jana yake, nikaandika. Jioni nikapita nyumba kwa nyumba kana kwamba natembea tu, nikauliza nini kimepikwa na kimetoka wapi. Majina kumi na tisa niliandika. Kumi na nane yalikuwa kweli. Moja alikosea, akasema ni Amuri mvuvi, kumbe ni binti yake. Nilipomwambia, akafikiri kidogo. “Basi binti amejifunza kwa baba yake,” akasema, na akaendelea kuchambua nyanya chungu.

Yule mgeni anayechuma kwa haraka, hata leo sijamjua. Mama amenikataza kumvizia.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili lori lije, nilifanya jambo ambalo wewe na mimi hatukulifanya katika barua zetu zote tangu Januari. Nilimuuliza Mama mwenyewe. Nilimsomea barua zako, na majibu yangu pia, hata yale ya chumvi na mbuzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kumbe mumekuwa munaandikiana juu yangu kama juu ya gunia,” akasema. “Gunia haiulizwe inaenda wapi.”

Nikazikunja barua zako.

“Célestin iko na moyo muzuri. Tangu mudogo, akiona mutu anaanguka, analia yeye. Mwambie nimesikia. Sasa niambie, kwake kuna nini nyuma ya nyumba?”

Nikamwambia ulivyotueleza: nyumba ya matofali, taa ya umeme, na ua uliosakafiwa saruji mpaka ukutani, hakuna matope hata mvua ikinyesha.

Alitikisa kichwa kama anayesifu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa, “Na asubuhi, nitashika nini?”

Mjomba, nilitafuta jibu katika Kiswahili, nikalitafuta katika Kifaransa cha shuleni, nikalitafuta hata katika Kibangubangu cha bibi. Sikulipata. Ukilipata wewe, niandikie, nami nitamsomea. Lakini sikuweza kumpandisha kwenye lori bila jibu hilo.

Sisemi kwamba hatari haipo. Nyoka wapo na mfereji upo. Jana nimefyeka pande zote mbili za njia, nimeziba mfereji, nimesimamisha miti kumi na miwili na kufunga kamba kutoka jikoni mpaka kijitoni. Mama aliipapasa akauliza ni mbuzi gani nataka kumfunga. Lakini leo asubuhi nilimwona anashuka mkono mmoja ukiwa juu ya kamba. Ile nusu niliyoing'oa nimeipanda upya, kwa mbegu alizokuja nazo Mwamvita katika kitambaa. “Za kienyeji, Mwalimu,” alisema. “Usizinyoe.”

Ndani ya kapu utakuta vipande vya matembele vimefungwa kwa majani mabichi ya ndizi, na mbegu za lengalenga katika kibuyu kidogo. Mama alifunga yote mwenyewe na kunipa maagizo, nami nayaandika kama alivyoyatoa. Usiviache vikauke hata siku moja. Tafuta hatua tatu za udongo nje ya ukuta wako, upande wa barabara, pale watu wanapopita. Hapo ndipo uyapande, si ndani. Yakistawi, mtu akiinama kuchuma, geuka umpe mgongo.

Wasalimie Mama Cécilia na mwanenu Heri, na wote wa huko wanaotokea Maniema. Mzee Faradji anakusalimu. Anasema alikupiga kofi mara moja kwa sababu ya maembe na anaomba umsamehe. Émérance hakujui, lakini naye anakusalimu. Mungu akulinde kazini kwako relini, akupe afya, na aijaze nyumba yako wageni wema.

Dereva amepiga honi. Mama amekuja mwenyewe mpaka kwenye lori, ameweka mkono juu ya kapu, na ameniambia niongeze neno moja. Anasema kiangazi kijacho, Mungu akipenda, atakuja kukutembelea kwa mwezi mmoja. Usimweleze majirani zako ni watu gani. Atashika mstari wako, kisha yeye ndiye atakayekueleza.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Placide