Ishirini na mbili juu ya saba

Jumatano. Mvua nyepesi tangu asubuhi, na baridi isiyo ya Juni ya huku, msimu wa joto.

Kesho Neema, binti yangu, ana mtihani wa hesabu. Akifeli, atarudia mwaka. Leo nimerudi kutoka mkutano wa waandishi wa habari pale Schuman, katikati ya mji, saa moja na robo jioni, nikakuta amemaliza mazoezi yote peke yake. Nikafurahi. Kisha nikafungua daftari.

Mraba wa sentimita ishirini, ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Tafuta eneo linalobaki. Neema ameandika 85 5/7.

Mwalimu wake anataka 85,84, kwa kitufe cha pai kwenye kikokotoo. Ameshamkata alama mara mbili kwa kosa hilihili. Hiyo sehemu ya saba inatokana na 22/7, tuliyofundishwa sisi Tanzania. Hapa hawaitumii, na mimi sijawahi kumfundisha.

Kuna jingine. Pembe nne za mraba zimechorwa mistari ya mshazari, na ndani ya kila moja pameandikwa "baki". Neema anaongea Kiswahili, lakini kukiandika hajui. Hata ujumbe wa simu huniandikia kwa Kifaransa.

Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu Morogoro. Hivyo ndivyo alivyokuwa akichora ubaoni, hadi na hilo "baki". Alifariki Neema akiwa na miezi minane.

Sina hata ukurasa wake mmoja hapa Evere tunakoishi, ughaibuni. Nimempigia wifi yangu. Madaftari ya kaka yake yamo sandukuni kwake Morogoro, hayajaguswa.

Nikamwuliza Neema nani kamfundisha.

"Si wewe, mama? Ulikuwa unaniambia kutoka jikoni."

"Lini?"

"Leo, quoi," akasema, akichomeka Kifaransa chake. " Saa kumi na moja. Nilidhani umerudi, halafu ukatoka tena."

Saa kumi na moja nilikuwa Schuman, nimekaa safu ya pili. Nina rekodi ya mkutano mzima.

Nimekaa naye, tukarudia maswali yote kwa kikokotoo. Ameelewa haraka. Kwenye ule mraba amepata 85,84 bila msaada wangu.

Akaweka penseli chini, akatazama mlango wa jikoni.

"Mama, nikiandika hivi kesho, hatakasirika?"

Sikuuliza nani.

Nimemjibu kwamba hapana, kwamba anachotaka huyo ni Neema afaulu tu. Katika kazi yangu sisemi nisichokithibitisha. Hili nimelisema, tena kwa sauti kubwa, nikiwa nimegeukia jikoni.

Kisha nimesubiri kidogo, kuona kama kuna pingamizi.