Mama Yako Ametunga Uzi

Mpwa wangu,

Habari njema itangulie: mama yako amerudi kwenye cherehani. Jana alitunga uzi mwenyewe, kisha akanifukuza: "Kaka, sogea huko, unanizibia mwanga!"

Unakumbuka macho yake yalivyoingia ukungu na mguu ukafa ganzi. Daktari wa kwanza alicheka. "Mama, umechoka tu. Huo ugonjwa wa mishipa ya fahamu mnaouhofia ni wa Wazungu." Nikueleze ugonjwa huo: kinga ya mwili hugeuka na kutafuna utando wa mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna ganda la waya wa umeme. Panya haulizi rangi ya waya. Ila sisi weusi mara nyingi tunachelewa kupimwa, na panya anazidi kutafuna. Daktari mwingine aliagiza picha ya ubongo, dawa zikaanza, na sasa ugonjwa umetulia.

Sasa wewe. Uliandika kwa mzaha kwamba mguu wako "umelala" wiki nzima. Sikucheka. Nenda ukaombe picha hiyo mapema. Wakikwambia watu kama wewe hawaugui hivyo, waambie mama yako anaugua, na anakushonea gauni la kucheza nalo ukirudi.

Ni mimi mjomba wako, mziba mwanga.