Fomu Saba Zilizosainiwa kwa Maneno Yangu

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za kujaza gunia, na ukilifungua usizimwage. U hali gani? Mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kuwageuza wagonjwa? Pole na kazi ya wodini. Mimi kaka yako ni mzima kama chuma cha reli, ila goti la kushoto limeanza kunijibu jeuri nikipanda ngazi. Wifi yako hajambo. Anasema barua zako siku hizi ni fupi kama risiti.

Sasa kaa vizuri. Nimeinuka mezani mara tatu kabla ya kuanza aya hii, mpaka wifi yako ameniuliza kama kiti kina misumari.

Kazini hali si hali. Unga umepanda, nauli imepanda, kodi ya nyumba ndiyo usiseme, na mtu akibanwa hivyo hanunui godoro jipya. Analigeuza la zamani upande wa pili, analala. Mashine yangu ya kukatia sponji, ambayo hajazaliwa wa kuijua kunishinda, inafanya kazi siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki naipangusa tu.

Ndipo likabandikwa tangazo ubaoni: mwenye miaka hamsini na kuendelea anaweza kustaafu mapema, apewe kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo. Asiyetaka aendelee hadi sitini, aje ale pensheni yake kila mwezi. Fomu zirudi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Wenzangu wakanijia mimi, maana kule naitwa Profesa. Jina hilo nililipata siku niliyosema kwamba niliwahi kufanya kazi benki. Na nilifanya, miaka miwili mizima, wewe shahidi. Sikudanganya hata neno moja. Sikusema tu kwamba nilikuwa bawabu.

Basi wiki iliyopita, wakati wa chakula, nikasimama na kijiko mkononi nikawahubiria. Jamani, nyakati kama hizi pesa ya kesho ni hadithi, chukua chako mapema, kiwanda kife kivyake! Nilisema vizuri, mdogo wangu, hata mwenyewe nilijipenda. Kufika Jumatatu watu saba walikuwa wameshasaini. Mmoja wao ni Mama Cherehani, mjane wa miaka hamsini na miwili anayeshona vitambaa vya magodoro.

Yangu sikuwa nimesaini bado. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, nami nikiwaza ile ahadi niliyokupa katika barua iliyopita, kwamba mwaka huu naezeka bati nyumba ya wazazi ili ukichoka na huko upate pa kuweka kichwa. Jana asubuhi nikaenda kwa karani wa mafao ili nisaini kwa mbwembwe. Kabla ya kushika kalamu nikamuuliza swali moja, la kujionyesha tu.

Yule binti akaigeuza karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa. Ukichukua sasa, pensheni ya kila mwezi huipati tena maishani, na kadi ya matibabu unairudisha siku hiyohiyo. Nikamwuliza, na kiwanda kikifa? Akasema pensheni haikai kiwandani, iko kwenye mfuko wake mbali, kiwanda kikifa yenyewe ipo. Nikapiga hesabu kwa penseli nyuma ya fomu. Kwa bei hizi, kiinua mgongo changu hakivuki miaka minne hata nikila mlo mmoja. Nami nimepanga kuishi hadi tisini, na unajua sipendi kubadili ratiba.

Akaniambia aliyekwisha kusaini anaweza kuirudia fomu yake kabla ya Ijumaa, ila aje mwenyewe.

Tangu hapo sijatulia. Jana nilipita mbele ya Mama Cherehani mara nne, nikamsalimia mara nne. Nikisema, uprofesa unanivuka mbele ya kiwanda kizima. Nikinyamaza, mjane wa watu ataugua na kadi hana.

Leo mchana nikasimama tena, bila kijiko.

"Jamani, niliwapoteza. Yale niliyosema yafuteni."

"Kwani Profesa, kule benki ulikuwa kitengo gani?" akauliza dereva wa lori.

"Mlangoni. Nilikuwa nafungua na kufunga."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Dereva akasema yeye harudishi kitu, ana shamba na mtaji wa kuku tayari, anajua anakokwenda. Nikampa mkono. Watano wakaenda ofisini palepale, wengine wao wakiwa bado wanatafuna.

Mama Cherehani hakucheka. Alifunika bakuli lake taratibu.

"Mwenzio nimeshampa mwenye nyumba taarifa kwamba nahama, mzee wewe. Ungenyamaza tangu mwanzo ungepungukiwa nini?"

Nikamwambia kwa mwenye nyumba tutakwenda wote, nikaombe kwa magoti yote mawili, hata lile jeuri.

"Twende kwanza kwa karani, kesho saa tatu," akasema. "Unisomee fomu yote, mstari kwa mstari. Kusoma tu. Usinieleze."

Kwa hiyo, mdogo wangu, bati mwaka huu hakuna. Nimebakiza miaka miwili na sponji yangu hadi nifike sitini, Mungu akipenda na watu wakichoka kugeuza magodoro. Kama umekasirika una haki, andika kwa herufi kubwa nami nitasoma. Fomu yangu sijaichana. Nimempa wifi yako aifiche mpaka Ijumaa saa kumi ipite, maana kila nikiitazama naona paa linang'aa.

Nisalimie sana shemeji, na wale mapacha uwaambie mjomba wao bado anawashinda kwa urefu. Wifi yako anakukumbatia. Mungu aishike mikono yako kama unavyowashika wagonjwa wa watu, na akupe uzee wenye chakula, dawa na kicheko.

Wako akupendaye kuliko akiba yake yote,
Kaka Mkubwa