Kiswahili Si Kitoweo

Mpendwa kaka Hamad,

Leo nimekutania peke yangu jikoni, nikajijibu mwenyewe kwa sauti yako, basi nikaona bora nikuandikie. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na bado nina mengi ya kukwambia.

Unakumbuka Mkoani nzima ilivyokuwa ikigombana kwa vyama, na sisi wawili tukigombana kwa vifurushi vya programu? Wale wenzetu wa kujitolea, wanaojenga mfumo endeshi wa kompyuta kila mtu na nchi yake, walitupa kazi ya kupanga diski ya skuli za Pemba: programu zipi ni za msingi, ziwemo humo humo, na zipi ni za nyongeza, mtu azivute mwenyewe mtandaoni. Wewe ukaziita wali na kitoweo. Hata barua pepe uliziandika hivyo, wakauliza kitoweo ni programu ya nini.

Mimi ndiye niliyekitia kifurushi cha Kiswahili, kile cha kuifanya kompyuta iseme lugha yetu, kwenye kitoweo. Kizito, nilisema, na Kiingereza kila mwalimu anakijua. Hukupenda, ila uliniachia. Tukaenda Makangale, skuli isiyo na mtandao, kompyuta zikawaka kwa Kiingereza kitupu. Bi Salma, mwalimu mkuu, alizitazama kwa adabu, kisha akasema, "Wanangu, mashine zenu nzuri, ila hazitujui." Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ukamwomba radhi, ukasema kosa ni lako.

Njia nzima hukunilaumu. Tulipofika nyumbani ulikihamishia kwenye wali hata kabla ya kula. "Asha, hichi si kitoweo," basi. Ukajiandika mtunzaji wake, na kwa miaka ukawa unarekebisha neno moja moja. Nilikupenda sana siku ile, na sikukwambia.

Wiki hii wenzetu wameandika kwamba mtunzaji wa kifurushi cha Kiswahili hajibu, na asipopatikana kitashushwa kwenye nyongeza. Hawakujua. Nilikaa siku tatu siwezi kulifuta jina lako. Niliona kama nakuzika tena.

Jana baada ya alasiri nililifuta, nikaandika langu. Moyo umetulia, kaka, usinionee huruma. Unajua kila badiliko linataka sababu yake, mstari mmoja tu. Nikaandika: "Kaka yangu amefariki. Mimi nipo."

Pumzika, Mola akuridhie.

Mdogo wako,
Asha