Mirunda Juu ya Tope

Jumatatu, 21 Aprili

Mirunda sitini na minne, nguzo za miti zitakazobeba zege likiwa bichi. Nimeihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza simu ililia nikiwa nimefika arobaini. Yote imesimama wima. Kabari zimebana. Mbao za chini zimelala sawa juu ya tope, na tope lenyewe kavu, limepasukapasuka. Nilichomeka kipande cha nondo kwa mkono. Kiliingia kiasi cha kiganja kikagoma.

Kazi ya Kaka Hamadi. Ndiye fundi mkuu wa mbao hapa, na ni kaka yangu tumbo moja. Watu huniuliza inakuwaje dada amkague kaka. Nami huwajibu kwamba yeye namkagua zaidi. Uongo. Kazi yake naiangalia kwa mapenzi.

Daraja lenyewe dogo, la kuvukia mkondo njia ya Pujini. Siku nyingi mkondo ni tope tupu. Bahari hufika hapa wakati wa bamvua tu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na maji hayapiti kifundo cha mguu. Kila mtu hapa anajua hivyo. Nami nimekua nikijua hivyo.

Zege la juu litamwagwa Jumapili.

Jumatano, 23 Aprili

Kikao cha vihatarishi. Mimi kwa upande wa serikali, Injinia Saleh kwa upande wa mkandarasi. Muunguja, mpole, ana haraka. Kila hatari hupewa namba mbili, moja hadi tano: uwezekano wa kutokea na ukubwa wa madhara. Unazizidisha. Ikifika kumi na tano ni nyekundu, kazi inasimama, barua inakwenda juu.

Mstari wa saba: mirunda kudidimia wakati wa kumwaga zege. Madhara, tano. Hapo hatukubishana. Uwezekano, nikasema tatu. Mwezi unaandama Jumapili hiyohiyo, na masika hayajaanza kazi yake sawasawa. Injinia akaniuliza bamvua hufika wapi. Nikamwambia kifundoni.

"Sasa tatu ya nini, Bi Raya?"

Nikaandika mbili. Mbili mara tano, kumi, njano. Nikatia saini kibali.

Hakunilazimisha. Hilo ndilo linaloniuma. Ilikuwa saa nane na nusu, nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda nyumbani.

Siku ya zege Kaka Hamadi atakuwa chini, katikati ya mirunda, na nyundo yake, anakaza kabari zinazolegea. Ni kazi ya fundi mkuu, na kaka yangu hampi mtu mwingine kazi hiyo. Jambo hilo nililikumbuka nikiwa tayari barabarani.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua tangu jana alfajiri. Si manyunyu. Mvua.

Baada ya sala ya Ijumaa ilitangazwa msikitini kwamba zege ni keshokutwa, aje kila mwenye mikono. Kwetu zege la juu ni shughuli. Shehe anasoma dua, wanaume wanapanga mstari wa makarai, wanawake wanapika wali, wageni wanatoka hadi Vitongoji. Dua ikishasomwa hakuna kurudi nyuma. Kurudi nyuma ni mkosi. Sijapata kusikia mtu aliyewahi kufanya hivyo.

Nikaenda kwenye mkondo na kipande changu cha nondo. Kiliingia mpaka kiwiko. Nikakivuta, nikajaribu pengine. Kiwiko. Sehemu ya tatu mkono wangu ulizama pamoja nacho.

Niliogopa. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nilisimama kwenye tope nikapiga hesabu. Tunaanza kumwaga saa moja asubuhi, maji yanatoka. Tunamaliza saa tisa. Maji ya bamvua yanafika saa kumi. Saa kumi zege lote litakuwa juu, bichi, uzito wake wote umekaa kwenye mirunda, na chini maji ya bahari yanakutana na maji ya mvua juu ya tope ambalo tayari ni uji. Kile kifundo cha mguu tunachokijua ni cha kiangazi. Hakuna aliyewahi kupima bamvua la masika hapa, maana nani atoke kwenye mvua kwenda kupima tope?

Nikampigia Injinia. Akasema mashine imekodiwa, wageni wamealikwa, mvua za Pemba hukatika zenyewe. Kisha akasema, "Wewe ndiye mkaguzi. Ukitaka kusimamisha, andika."

Nilimpigia ili aamue yeye. Naye kanirudishia.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu. Mvua imepungua.

Nilikwenda kwa Kaka Hamadi. Nilimkuta barazani ananoa msumeno. Nikamweleza kuhusu nondo, kiwiko, saa kumi. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Raya. Mie nasimamisha mirunda, weye hujaota meno."

Nikasema najua.

"Ntu akisema mirunda ya Hamadi mibovu, kesho nani atan'pa kazi?"

Nikasema sijasema mibovu. Nimesema tope.

"Tope mie sikulifanya."

Mkewe alileta chai. Hatukuinywa. Nilipoondoka hakunisindikiza, na yeye hunisindikiza hata akiwa na homa.

Nimekaa na kibali mbele yangu. Nimejiambia mambo mengi. Kwamba mirunda ni mingi. Kwamba kaka ana uzoefu. Kwamba Injinia kasoma kuliko mimi. Kwamba kama kweli ni hatari, mtu mwingine naye angeiona. Hili la mwisho ndilo nililolishikilia zaidi, na ndilo bovu kuliko yote. Sijala.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, maana kichwani mwangu yamevurugika.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Watu walishajaa. Mawingu, bila mvua. Moshi wa kuni, masufuria matatu, Bi Mize akiwaamrisha wenziwe. Mzee huyo ndiye mpishi wa shughuli zote za hapa. Mstari wa makarai kutoka kwenye mashine hadi ukingoni. Vijana wakitaniana. Mtu akanipa mkono wa heri, kana kwamba ni harusi yangu.

Shehe akasoma dua. Niliitikia amin.

Kaka Hamadi akavaa mabuti, akachukua nyundo, akashuka. Nilimwona akiinama kuingia kwenye mstari wa kwanza wa mirunda. Kisha nikaona mgongo tu. Kisha sikuona kitu.

Mashine ikaanza kuzunguka. Karai la kwanza likapokewa. Likaja mkono kwa mkono, na kila lilipopita mkono mmoja nilijiambia, sasa hivi. Nikashindwa. Likaja tena. Nikashindwa. Naona haya kuandika nilichokuwa nikiwaza: nilikuwa nawaza wale wanawake na wali wao. Watu wanaweza kufa na mimi nafikiria wali utaliwa na nani.

Karai lilipobaki mikono mitatu nikapanda juu ya fomu, zile mbao za kupokelea zege, nikasimama palepale pa kumwagia. Nikatoa kibali, nikakiandika KIMEFUTWA kwa kalamu iliyokuwa haitaki kuandika, nikakiinua.

"Hamwagi mtu," nikasema. Sauti haikutoka. Nikarudia, ikatoka kubwa mno.

Mashine ikaendelea kuzunguka. Injinia Saleh akakaa juu ya mfuko wa saruji, akajifuta uso. Shehe akasogea ukingoni.

"Dua ishasomwa, binti yangu," akasema.

"Najua, Shehe. Nisameheni."

Wa kwanza kukasirika alikuwa Bi Mize. "Na wali je? Nao tuufute?" Watu wakacheka, na kicheko hicho kiliniokoa, maana kabla yake niliona nyuso ambazo sikuzipenda. Kisha akaongeza, taratibu, hajui kama namsikia: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Haya, pakueni."

Kaka Hamadi alitoka chini. Alipita kando yangu. Hakunitazama. Shombo la tope likabaki.

Waliula wali. Mimi nilirudi nyumbani.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikwenda mkondoni jana saa kumi na leo saa kumi na nusu. Maji yalifika gotini. Si kifundoni. Gotini kwangu, na mimi si mfupi.

Mirunda yote imesimama.

Bila shaka imesimama. Haikubeba kitu ila mbao na nondo. Lakini nenda ukaeleze hivyo dukani. Leo nimeitwa Bi Kifundo, eti nimeogopa maji ya kifundoni. Ofisini nimeitwa kujieleza kwa maandishi, na mkandarasi ameandika kwamba mkaguzi ametia saini Jumatano akafuta Jumapili, bila kipimo chochote. Ni kweli. Kipande cha nondo si kipimo.

Niandike na hili, kisha nisilisome tena. Nilipokuwa nimesimama kwenye maji leo niliomba mrunda mmoja uanguke. Mmoja tu, bila kumdhuru mtu, ili waone. Nilimwomba Mungu aharibu kazi ya kaka yangu. Astaghfirullah.

Jumatano, 30 Aprili

Nilipanga kupima kila mrunda, umeshuka kiasi gani. Nilifika saa mbili. Kaka Hamadi alifika alfajiri. Mistari yote ya katikati ameshaing'oa, anatandika mawe na mifuko ya mchanga chini, anaisimamisha upya. Hakuna aliyemwagiza. Hakuna cha kupima tena.

Nikamuuliza mirunda ilikuwaje alipoing'oa.

"Ilikuwa mizima," akasema, akaendelea kugonga.

Basi. Sitajua kamwe. Huenda Jumapili ile nilizuia msiba. Huenda nilizuia shughuli tu. Nimeandika maelezo ya ofisi kurasa mbili, na popote nilipotaka kuandika "hakika" nimeandika "huenda".

Jumanne, 6 Mei

Tumemwaga. Maji mafu, bahari haifiki, mkondo mkavu, mawe chini ya kila mrunda. Watu wachache, dua fupi, hakuna wali. Mstari wa saba niliandika moja. Nilidhani nikifanya kila kitu sawa sitaogopa. Niliogopa kuanzia karai la kwanza hadi la mwisho. Kila nilipousikia mlio wa nyundo chini nilipumua. Uliponyamaza nilihesabu. Mara moja nilifika thelathini na tisa.

Kaka alitoka saa tisa kasorobo, mzima, anadai maji ya kunywa.

Zege limekaa.

Ijumaa, 9 Mei

Kaka Hamadi alipita kwangu baada ya sala, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimpakulia. Alikula, akasifu mchuzi, akaniuliza juu ya paa langu linalovuja. Nami nikajibu kuhusu paa. Tulifanya hivyo karibu saa nzima.

Alipokuwa anavaa viatu, ameinama, akasema:

"Jumapili ile, kabla sijatoka nyumbani, nlimwomba wifiyo radhi."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Mume hamwombi mkewe radhi kwa sababu anakwenda kazini; humwomba akihofu hatarudi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Siku moja kabla nilikuwa nimekaa mbele yake.

"N'seme mie? Mirunda yangu mwenyewe?" Akafunga kamba ya kiatu cha pili. "Nlikuwa nangoja useme weye."

Akaaga. Nilimsindikiza hadi barabarani, tukazungumza habari za karafuu, akaenda. Nimerudi nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, vyombo mbele yangu. Alasiri imeadhiniwa na bado sijainuka.