Jina Ulilolificha Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Yaya,

Kaa vizuri huko uliko, dada yangu mkubwa, maana nimekuja na habari, na unajua habari fupi mimi sijawahi kuwa nayo. Mutoto amefika! Mtoto wa Themba wangu, wa kike, kilo tatu na nusu, nywele utadhani amekwisha kupita kwa msusi. Amefika siku ile ile mvua ya kwanza ilipopiga mabati ya mtaa wetu wa Naviundu, baada ya miezi yote ile ya vumbi jekundu kwenye meno. Nilikuwa uani. Nikasikia mvua, halafu nikasikia kilio, na sikujua nishukuru kipi kwanza. Nikashukuru vyote viwili kwa sauti kubwa, majirani wakadhani nimelewa. Walikosea kidogo tu.

Mimi ni babu sasa. Babu mzuri kuliko wote Lubumbashi. Uliza yeyote, nitakujibu mimi mwenyewe.

Kiswahili changu utakisamehe. Niliacha shule mwaka wa nne, kwa hiyo kile cha shuleni kinaanza sentensi na kile cha nyumbani ndicho kinaimaliza. Lakini nionyeshe profesa mmoja aliyefika nilikofika mimi na lori langu: Ndola, Lusaka, Harare, Beira, Durban, Dar es Salaam. Nimefokewa na askari wa mipaka kwa lugha tisa, na zote nimezijibu kwa tabasamu.

Na wewe ulijua kunitumia. Wake za madereva wenzangu waliagiza vitenge, sahani, viatu vya kanisani. Wewe mkunga, na aproni yako bado ina maji ya mtoto wa watu, ulisimama mlangoni ukaniambia: "Ministre, mi sitaki kitenge. Uniletee jina."

Ministre wa Barabara, waziri mzima. Hakuna mwingine anayeniita hivyo siku hizi. Nimejaribu kuwafundisha, wanacheka tu.

Nilikuja kuelewa polepole kwa nini ulitaka majina. Wamama walikuwa wanakuja kwako kuzaa na jina la huzuni tayari kifuani. Shida. Masumbuko. Matata. Jina la mwaka mbaya, jina la bwana aliyekimbia. Unawasikiliza mpaka mwisho, unakata kitovu, unamfuta mtoto, halafu unauliza taratibu: "Huyu mutoto alikukosea nini?" Mama anamtazama mtoto. Ndipo unafungua cahier yako, lile daftari la jalada la bluu, unamsomea majina niliyokuletea, moja moja, kama mtu anayetandaza vitambaa sokoni.

Wewe uliyaweza hayo kwa sababu uliitwa Mateso. Mama alikuzaa ametoka kuzika watoto wawili, akakupa alichokuwa nacho mdomoni siku hiyo. Hukuwahi kumlaumu. Lakini mimi mdogo wako niliona jinsi ulivyokuwa unageuka kila mara mtu alipoliita jina lako kwa nguvu barabarani. Ulikuwa unageuka kama mtu anayeitwa kwenye tanuri.

Basi nikakuletea, Yaya! Thandiwe, aliyependwa, nililipata kwa muuza matunda wa Durban. Tatenda, tumeshukuru, kwa askari wa Harare aliyenikagua lori saa tatu nzima, na kweli mwishowe nilishukuru. Naledi, nyota. Irini, amani, kwa yule mzee Mgiriki mwenye duka la vyuma mjini, sikuhitaji hata kuwasha injini. Na wewe ulikuwa na sheria yako: jina likishatolewa halitolewi tena. Unalipigia mstari chini, unaandika mtoto ni wa avenue gani, basi. "Jina haiko shuka ya hospitali," ulisema, "eti huyu akitoka, mwingine analalia."

Unakumbuka Amanya? Nilikaa Beira siku tano nasubiri karatasi, na kila asubuhi karani wa bandari ananiambia neno lile lile la Kireno: amanhã, amanhã, kesho, kesho. Nikakuletea kama mzaha, nikasema, "Yaya, safari hii nchi nzima ilikuwa na jina moja tu." Hukucheka. Wiki ile alizaliwa mtoto wa miezi saba, mdogo kama kifaranga, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona. Ulimfunga kifuani kwa mama yake, ukasema anaitwa Amanya, Kesho. Na kesho ikaja, na nyingine, na nyingine. Leo Amanya anasoma udaktari kule chuo kikuu, Kasapa, Yaya. Ana miwani. Ananisahihisha nikizungumza.

Na Zambelina… hapo niache nipumue. Nilirudi mikono mitupu, nimelala foleni ya mpakani Kasumbalesa siku mbili, nimesahau kabisa. Nikaona aibu, nikatunga. Nikakuapia ni jina la Kigiriki, maana yake malkia wa tausi. Ukalitoa siku hiyo hiyo! Halafu ukaenda dukani kwa yule mzee kununua misumari, ukamuuliza, akacheka mpaka akakaa chini. Nilikungoja nyumbani nikijua nimekwisha. Ukanitazama. "Umedanganya," ulisema, "lakini umedanganya muzuri." Mpaka leo yule dada anatembea sokoni kama mwenye tausi mia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa nalizunguka, umeona.

Siku yako ya mwisho hospitali, asubuhi, Themba alipotoka kutafuta dawa, ulinishika kifundo cha mkono. Tulikuwa wawili tu. Ukasema: "Hii jina munizike nayo. Nimeibeba mi mwenyewe, inatosha." Nikaahidi. Mimi ambaye naahidi kila mtu kila kitu, hilo niliahidi bila kucheka. Halafu ukaenda zako, ukaniacha na ahadi isiyo na shahidi.

Unaijua desturi yetu. Msichana wa kwanza kuzaliwa nyumbani baada ya msiba anachukua jina la aliyetangulia. Anakuwa ndoyi wake, mwenye jina moja naye, na sisi tunamwita kama tulivyomwita marehemu. Shangazi Odile, dada yake baba, bado yupo na bado anaitembeza familia kwa fimbo. Mtoto alipoanza kulia, siku tatu, analia, ananyonya, analia, Shangazi akafika akaketi, akasema, "Analia jina lake." Akaanza kuyaita mbele yake majina ya wafu wetu, moja moja, kama wazee wanavyofanya. Jina la bibi: kilio. Jina la mama: kilio. Akasema, "Mateso."

Mtoto akanyamaza.

Yaya, nyumba nzima ilipiga vigelegele, na mimi nilihisi mtu amenimwagia maji ya barafu. Kwa macho yangu alinyamaza kama mtu aliyegombezwa. Nikasimama nikasema hapana, alikataza mwenyewe, aliniambia. Na unajua nilijibiwa nini? Shangazi alinitazama toka viatuni mpaka kofia: "We ulituambia ulipiga simba na spana kule Zambia. Leo tukuamini juu ya nini?"

Walicheka wote. Hata Themba, mwanangu, aliinamisha kichwa. Hapo ndipo nilijua bei ya mdomo wangu. Maisha yote nimewachekesha, na siku moja niliyokuwa na ukweli mkononi, hakuna aliyenyoosha mkono kuupokea. Wiki moja tu, wakasema, kisha sherehe, kisha Themba anakwenda commune kumwandikisha: Mateso.

Mkoba wako ulikuwa juu ya kabati tangu mazishi. Sikuweza kuugusa. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Uongo, nilikuwa naogopa kunusa ile sabuni yako. Siku ya tano nikauteremsha. Mkasi, aproni, cahier. Unajua nasoma kama lori lililopakiwa kupanda mlima, gia ya kwanza, neno kwa neno. Nilisoma tangu kahawa ya asubuhi mpaka bukari ya mchana. Majina yangu yote, Yaya! Yote yamepigiwa mstari, yote yana avenue. Nililia na kujisifu kwa wakati mmoja, jambo gumu, lakini mimi naliweza. Kisha nikafika ukurasa wa mwisho.

Sikumwambia mtu. Nilipita Naviundu nyumba kwa nyumba, nikifuata mwandiko wako.

Siku ya sherehe walikuja. Wenye ndoo, wenye kofia za kazi, wenye watoto mgongoni. Themba alikuwa ameweka viti kumi na viwili. Walijaa mpaka barabarani. Shangazi akauliza, "Hawa bote ni ba nani?" Nikasema, "Waulize wenyewe." Wakasimama mmoja mmoja kusema jina na maana yake. Aliyependwa. Nyota. Tumeshukuru. Amani. Zambelina akasimama, akasema "malkia wa tausi" bila hata kupepesa, na mimi nikatazama mawingu. Shangazi alisikiliza na kikombe chake cha munkoyo mkononi, hakuonja.

Mwishoni nikampa Amanya cahier. Sikusoma mwenyewe, kwa sababu wangesema natunga. Akasafisha miwani, akafungua ukurasa wa mwisho, akasoma ulichoandika kwa kalamu nyeusi, mwandiko wako wa ujana, ule wenye mikia mirefu:

"Nomvula. Hii sitamupa muntu. Ni ya mutoto wangu."

Na chini yake, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa juzi juzi, wenye kutetemeka:

"Basi ni yangu."

Nomvula, Yaya. Mama wa mvua. Lilikuwa jina la kwanza kabisa nililokuletea, kutoka safari yangu ya kwanza, kwa yule mama wa Kindebele aliyekuwa anachoma mahindi mpakani na mwanawe mgongoni. Na mimi mjinga miaka yote nilidhani hukulipenda, kwa kuwa sikuwahi kukusikia ukilisoma kwa mtu. Kumbe ulikuwa unamwekea mtoto wako. Ukamngoja, ukazalisha wa watu, ukamngoja. Na alipokosa kuja, ukalivaa mwenyewe kimya kimya ndani ya daftari, usimwambie hata Ministre wako.

Hakuna aliyecheka safari hii. Shangazi aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunamwita vibaya." Akaomba apewe mtoto. Akamwinua mbele ya watu, akaita, "Nomvula!"

Mtoto akapiga yowe, Yaya. Yowe la kupasua bati! Akalia, akarusha miguu, watu wakatazamana. Mimi nikafunga macho, nikajua tumekwisha.

Shangazi akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. "Ni yeye," akasema. "Ule marehemu naye hakunyamazaka."

Sasa sheria yenyewe ni hii: Mateso ikinyamazisha, ni ndiyo, Nomvula ikiliza, ni ndiyo zaidi. Shangazi akiisha kuamua, hata kuku akitaga ni ndiyo. Sikubishana. Kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza neno.

Themba alikwenda commune Jumatatu. Alirudi na karatasi, akaninyooshea, na kichwa safari hii kilikuwa juu. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote.

Na kwa kuwa ni ndoyi wako, mimi mwenye mvi namwita "Yaya." Nampelekea salamu asubuhi kabla ya chai, namripotia bei ya mafuta. Jana alinikojolea shati jipya la Durban. Nilimwambia asante, Yaya.

Juma lijalo naelekea Beira. Cahier ipo kwa Amanya, ameniahidi kuitumia atakapoanza kuzalisha, na sheria ya mstari mmoja tutaishika. Nami nakuahidi wewe, bila simba wala spana: kila safari, nikirudi na kitenge au bila, nitarudi na jina. Majina ya kweli. Labda moja la kutunga, nikikwama Kasumbalesa.

Pumzika, Yaya. Mateso tumekuzikia huko kama ulivyoomba, usiyachimbue. Nomvula ameamka, analia ndani, anataka abebwe, na hawa wote wamekaa tu wananitazama mimi.

Nakuja, Yaya. Nakuja.

Mdogo wako,
Ministre