Msonobari Nyuma ya Kaburi la Baba

Kisiwa cha Geoje, Korea, 4 Machi 2001
Mwezi wa tano tangu nitoke nyumbani

Mama, shikamoo. Magoti yanakuacha ulale? Mimi mzima, isipokuwa mgongo.

Umeandika kwamba msonobari ulio nyuma ya kaburi la Baba umegeuka mwekundu. Mama, huo umekufa, na kilichouua ni ugonjwa uleule unaofanya tukate miti huku. Ndani yake wamelala mbawakawa wachanga. Joto la Mei likifika watatoboa gome, waruke na minyoo ya ugonjwa hadi kwenye misonobari mingine. Waite watu wa wilaya waukate sasa. Ukichelewa kilima chetu kitakwisha, na uyoga unaoota chini ya misonobari, huo unaokulisha, utakwisha nacho.

Mwanao, Deoksu

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Magoti ni yaleyale. Unakula lakini?

Nimemwambia Baba Mkubwa wako. Anasema hakuna shoka karibu na kaburi la mdogo wake mpaka mwezi wa ziada wa kalenda yetu ya kale, ambao ndani yake wafu hawaudhiki makaburi yakiguswa. Mwaka huu unaanza mwishoni mwa Mei. Nikamwambia wadudu hawatangoja. Akacheka. “Deoksu alikwenda kukata miti au kusomea uprofesa?”

Kilima ni changu kwa hati, lakini mkubwa wa ukoo ni yeye. Mtu akiugua hapa, nitaambiwa ni mimi.

Mama yako

Geoje, 25 Aprili

Mama, shikamoo. Nimechoka, kwa hiyo sitazunguka. Leo nimepasua gogo nikamkuta mbawakawa ameshaota mabawa. Bado laini, lakini ni mabawa. Nimeomba ruhusa nije, nyapara Baek akasema, “Ukienda, usirudi.”

Baba Mkubwa haishi kwa uyoga wa kilima hicho, wewe unaishi. Mweleze Baba mwenyewe pale kaburini, kisha waite watu. Lawama nibebeshe mimi.

Deoksu

21 Mei

Mwanangu, marahaba. Nimekaa kimya kwa sababu niliogopa.

Juzi nilimmiminia baba yako pombe ya mchele, nikamweleza, nikawaita watu wa wilaya. Baba Mkubwa akaja akaketi chini ya ule msonobari, akasema waanze kumkata yeye. Nikaketi kando yake. “Shemeji,” nikamwambia, “mdogo wako mlimwoza mke mkaidi, sasa mvumilieni.” Tulikaa mpaka miguu yake ikafa ganzi, akaomba nimwinue. Wakaukata. Tangu hapo hasemi nami.

Lakini nilipopapasa gome niliona matundu ya mviringo, penseli inaingia. Wewe hukuniambia matundu maana yake nini.

Mama

Geoje, 28 Mei

Mama, shikamoo. Maana yake baadhi ya mbawakawa wameshatoka. Wametua mti upi, hakuna ajuaye. Usimruhusu mtu atoe hata kijiti cha kuni kilimani. Baba Mkubwa mpelekee chakula. Asipofungua, kiache mlangoni.

Nikija sasa hatutaona kitu, hata miti iliyoumwa bado ni ya kijani. Itaanza kujionyesha baada ya kiangazi. Nimemwambia Baek nitaondoka kiangazi kikiisha, naye kasema nisirudi. Nitafika nyumbani mwanzoni mwa Septemba, kabla ya sikukuu ya mavuno ya Chuseok, tupande kilimani mimi na wewe tukague mti mmoja mmoja.

Mwanao, Deoksu